Kisomakadi na Maelezo Yake: Uhakiki wa Waraka wa Programu Endeshi

Mtu aliyewahi kukosea namba ya siri ya kadi ya simu ya mkononi mara tatu mfululizo anafahamu kinachofuata. Simu hukataa kuipokea namba ile, hata ikiandikwa sasa kwa usahihi, na badala yake hudai namba nyingine yenye tarakimu nane, ijulikanayo kwa jina la PUK. Hiyo nayo ikikosewa mara kumi, kadi hufa. Haifunguliwi tena, na mwenyewe hana budi kutafuta nyingine. Watu wengi hudhani kwamba hesabu hii ya makosa huwekwa na simu. Sivyo. Huwekwa na kadi yenyewe, ndani ya kipande kidogo cha silikoni kilichofichika chini ya bamba la rangi ya dhahabu, na kadi ikihamishiwa katika simu nyingine hesabu huhama pamoja nayo.

Kwa hiyo kadi ya aina hii haifanani na kitabu, ambacho chaweza kusomwa mara elfu bila kubadilika. Ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu, na swali lolote inaloulizwa laweza kuibadilisha. Programu inayozungumza nayo inapaswa kuandikwa kwa uangalifu, na maelezo ya programu hiyo yanapaswa kuandikwa kwa uangalifu uo huo, maana mtu atakayeyaelewa visivyo huenda asipate nafasi ya kurudia. Makala haya yanaeleza jinsi maelezo hayo yanavyohakikiwa kabla ya kutolewa, hasa waraka unaofuatana na programu endeshi ya kisomakadi.

Kadi na lugha yake

Wazo la kutia sakiti ya elektroniki ndani ya kadi ya plastiki lilizuka katika miaka ya 1960 huko Ujerumani Magharibi, kwa Jürgen Dethloff na Helmut Gröttrup, ambaye hapo awali alikuwa mhandisi wa roketi. Mwaka 1974 Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza ya kadi yenye kumbukumbu, na mwaka 1979 kampuni ya Bull, ya Ufaransa pia, ikatoa kadi yenye mikroprosesa. Vibanda vya simu vya Ufaransa vilianza kutumia kadi za chipu mwaka 1983, na simu za mkononi zikapata kadi zake za kwanza mwaka 1991. Kiwango cha kimataifa kinachotawala kadi hizi, ISO 7816, kilianza kutolewa sehemu baada ya sehemu kuanzia mwaka 1987.

Bamba la dhahabu limegawanyika katika sehemu za kugusana, au viguso. Kiguso kimoja huleta umeme wa volti 5, 3 au 1.8, kingine hukamilisha mzunguko wa umeme, cha tatu huiamsha kadi, cha nne huleta mapigo ya saa, na cha tano hupitisha data. Zingatia kwamba njia ya data ni moja tu. Kadi na kisomakadi haviwezi kusema kwa wakati mmoja, bali husema kwa zamu, kama watu wawili wanaowasiliana kwa redio za upepo: mmoja akisema, mwenzake hunyamaza. Kadi inapoamshwa, biti moja huchukua mapigo 372 ya saa. Saa ikipiga mara milioni 3.58 kwa sekunde, biti moja huchukua takriban sehemu 104 za milioni ya sekunde, yaani biti zipatazo 9,600 hupita kwa sekunde moja.

Neno la kwanza husemwa na kadi. Mara tu baada ya kuamshwa hutoa jibu lisilozidi baiti 33, ambalo hutaja kasi inayoiweza na itifaki inayoifahamu. Baiti ya kwanza ya jibu hilo, ikiandikwa kwa kizio cha kumi na sita, ni 3B au 3F, na kutokana nayo kisomakadi hujua biti zisomwe kwa mpangilio gani. (Katika kizio hiki tarakimu baada ya 9 ni A, B, C, D, E na F, na kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili.) Baada ya hapo kadi haisemi chochote mpaka iamriwe.

Amri yenyewe ni mfululizo wa baiti. Ifuatayo ni amri ambayo simu za mfumo wa GSM zilikuwa zikiipelekea kadi ili kuhakiki namba ya siri 1234:

A0 20 00 01 08 31 32 33 34 FF FF FF FF

Baiti ya kwanza hutaja jamii ya amri. Ya pili, 20, ina maana ya “hakiki”. Ya tatu na ya nne hutaja ni namba ipi ya siri inayohusika. Ya tano husema kwamba baiti 8 zinafuata. Kisha huja namba yenyewe, kila tarakimu kwa alama yake, 31 ikisimama mahali pa 1 na 32 mahali pa 2, na nafasi zilizobaki hujazwa kwa FF. Kadi hujibu kwa baiti mbili. 90 00 ni kibali. Namba ikiwa si sahihi, kadi hizo za zamani hujibu 98 04, na zikiwa zimefungwa hujibu 98 40. Kadi nyingine nyingi hujibu 63 C2, maana yake “zimebaki nafasi mbili”, na zikifungwa hujibu 69 83.

Mkalimani na waraka wake

Kompyuta ya mezani haina viguso vya kadi. Huhitaji kisomakadi, yaani kijisanduku chenye mwanya wa kadi upande mmoja na waya wa USB upande wa pili, na ndani ya kompyuta huhitaji programu endeshi, ambayo kazi yake ni kupokea amri kutoka programu za juu, kuzifunga katika bahasha zinazoeleweka na kisomakadi, na kuyarudisha majibu. Programu endeshi ni mkalimani. Mkalimani mwema haongezi neno wala hapunguzi. Na kwa kuwa kadi mbalimbali hutoa majibu tofauti kwa kosa lile lile, kama ilivyoonekana hapo juu, mkalimani huyu hana haki ya kufasiri jibu kwa akili yake. Hulirudisha kama lilivyo.

Zamani kila kiwanda kilikuwa na bahasha zake na programu endeshi yake. Kuanzia mwaka 1996 kikundi cha makampuni kiliandaa kanuni ziitwazo PC/SC, zinazoeleza jinsi programu za juu zinavyozungumza na programu endeshi. Kwa upande wa chini, watunzaji wa kiwango cha USB walitoa kanuni ziitwazo CCID, ambazo toleo lake la 1.1 ni la mwaka 2005, nazo zinaeleza umbo la bahasha kati ya kompyuta na kisomakadi. Tangu hapo programu endeshi moja yaweza kuhudumia visomakadi vya viwanda vingi. Faida ni kubwa, lakini ina gharama yake: kosa moja katika waraka wa programu hiyo husambaa kote inakotumika.

Bahasha ya CCID ina kichwa cha baiti 10. Baiti ya kwanza hutaja aina ya ujumbe. Nne zinazofuata hutaja idadi ya baiti zilizomo ndani. Kisha huja namba ya mwanya, namba ya mfululizo wa ujumbe, na baiti tatu ambazo maana yake hutegemea aina ya ujumbe. Agizo la kuamsha kadi kwa volti 5, likiwa ni ujumbe wa tano, huandikwa 62 00 00 00 00 00 05 01 00 00. Kisomakadi hujibu kwa ujumbe wa aina ya 80, na lazima kirudishe ile ile namba 05 ya mfululizo, ili programu endeshi isichanganye jibu la ujumbe huu na la ujumbe uliotangulia.

Hapa ndipo mhakiki wa waraka hukutana na mtego wa kwanza. Katika bahasha ya CCID, idadi inayochukua baiti nne huandikwa kwa kuanza na baiti ndogo. Baiti 261, ambazo kwa kizio cha kumi na sita ni 105, huandikwa 05 01 00 00. Lakini ndani ya amri ya kadi yenyewe, kwa mujibu wa ISO 7816, idadi inayochukua zaidi ya baiti moja huanza na baiti kubwa. Hivyo ujumbe mmoja waweza kuwa na desturi mbili zinazopingana, moja katika bahasha na nyingine ndani yake. Waraka unaosema tu kwamba “urefu huandikwa kwa baiti nne” haujasema uongo, ila haujamsaidia mtu. Anayeusoma 05 01 00 00 kwa mpangilio wa kawaida wa hesabu za shuleni atapata 83,951,616 mahali pa 261, na programu yake itakaa ikisubiri baiti milioni themanini na kitu ambazo hazitakuja kamwe. Mhakiki asiye na haraka hudai mfano wa namba kila mahali panapotajwa urefu, na mfano wenyewe usiwe 00 00 00 00, ambao husomeka sawasawa kutoka upande wowote.

Sentensi moja

Mtego huo, pamoja na ubaya wake, hugundulika mapema, kwa sababu programu yenye kosa la namna hiyo haifanyi kazi hata siku moja. Hatari kubwa zaidi imo katika sentensi zinazosomeka vizuri na zinazofanya kazi kwa muda mrefu. Nyaraka za namna hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, lakini udhaifu wake hauna lugha. Chukulia kwamba katika waraka kuna sentensi hii: “Kadi isipojibu kwa wakati, hutuma amri upya.”

Swali la kwanza la mhakiki ni la sarufi: nani hutuma? Kiambishi hu- hakionyeshi nafsi wala ngeli. Inaweza kuwa programu endeshi, inaweza kuwa programu ya juu inayoitumia, inaweza hata kuwa kisomakadi chenyewe. Mwandishi wa programu ya juu atadhani kwamba jukumu si lake. Mwandishi wa programu endeshi atadhani vivyo hivyo, au, vibaya zaidi, wote wawili watadhani ni lao, na amri itarudiwa mara mbili zaidi ya ilivyokusudiwa.

Swali la pili: “kwa wakati” ni muda gani? Kadi ina haki ya kuomba subira. Katika itifaki iitwayo T=0 huleta baiti 60 kila mara kuonyesha kwamba ingali kazini; katika T=1 hutuma ombi maalumu la kuongezewa muda; na kisomakadi, kikilipokea ombi hilo, huijulisha kompyuta kwa kuweka alama ya kuongeza muda katika kichwa cha jibu. Hali hii si ya nadra. Kadi ikiagizwa kutengeneza jozi ya funguo za RSA za biti 2048, huenda ikahitaji makumi ya sekunde, kwa kuwa yapaswa kutafuta namba tasa kubwa mno kwa nguvu ndogo mno. Programu inayokata tamaa baada ya sekunde tano itadhani kadi imekufa, kumbe inafanya kazi iliyotumwa.

Swali la tatu ndilo zito: ni amri gani inayotumwa upya? Kusoma jina la mwenye kadi mara mbili hakuna madhara. Kuhakiki namba ya siri mara mbili ni jambo jingine kabisa, na ili kuelewa sababu yake inafaa kujua jinsi kadi inavyohesabu.

Namba ya siri ya tarakimu nne yaweza kuwa mojawapo ya namba 10,000. Mwizi aliyepewa nafasi tatu ana bahati tatu tu katika elfu kumi. Lakini ulinzi huu hutegemea hesabu isiyodanganyika. Kama kadi ingelinganisha namba kwanza na kupunguza nafasi baadaye, mwizi angekata umeme mara tu kadi inapoonyesha dalili ya kukataa, kabla hesabu haijaandikwa, naye angebahatisha bila mwisho. Kwa hiyo kadi iliyoundwa vyema hupunguza nafasi moja kwanza, kisha hulinganisha, na namba ikiwa sahihi ndipo hurudisha nafasi zote. Ni utaratibu wa busara sana, ingawa hauna huruma.

Sasa sentensi ile irudishwe mezani. Mwenye kadi amekosea tarakimu moja. Kadi imepunguza nafasi, imelinganisha, imejibu. Lakini viguso vina vumbi, au kadi imesogea kidogo mwanyani, na jibu limepotea njiani. Programu endeshi, kwa kutii waraka wake, inatuma amri ile ile tena, na tena. Kadi inapokea namba isiyo sahihi kwa mara ya pili na ya tatu, na inajifunga. Mtu amekosea mara moja, kadi imehesabu tatu. Hakuna sehemu ya mfumo iliyovunja kanuni zake: kadi imetii kiwango, kisomakadi kimetii CCID, programu imetii waraka.

Je, basi waraka ukataze kurudia kwa namna yoyote? La, kwa sababu upo urudiaji ulio halali. Katika T=1 data husafiri katika vifungu vyenye alama ya mfululizo, na kifungu kikiharibika njiani hutumwa upya; kadi ikikipata mara mbili hukitambua kwa alama yake wala haikitekelezi mara ya pili. Katika T=0, kadi ikijibu kwa 6C na baiti nyingine ya urefu, maana yake ni kwamba haikutekeleza amri kwa kuwa urefu ulioombwa si sahihi, na inataka amri ile ile irudiwe kwa urefu ilioutaja. Kwa maneno mengine, kurudia kifungu ni salama, kurudia amri kwa sababu kadi imeomba ni salama, na kurudia amri kwa sababu ya kimya ni kamari. Neno “upya” limebeba mambo haya matatu bila kuyatenganisha.

Sentensi iliyohakikiwa itakuwa ndefu zaidi, na pengine haitapendeza sana sikioni: “Programu endeshi haitumi amri ya programu ya juu zaidi ya mara moja, isipokuwa kadi ikijibu 6C. Kadi ikiomba muda, programu endeshi hungoja. Muda ukipita bila jibu wala ombi, programu endeshi huirudishia programu ya juu taarifa ya kosa. Katika hali hiyo haijulikani kama kadi imetekeleza amri au la.” Waandishi wengi huona haya kuandika kipengele cha mwisho, wakidhani kinaonyesha udhaifu. Hata hivyo ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana mwandishi wa programu ya juu akikisoma atajua kwamba yampasa kuiuliza kadi imebakiwa na nafasi ngapi kabla ya kuthubutu tena.

Kupima waraka

Mhakiki ana mashahidi watatu mbele yake: kiwango, waraka, na chombo chenyewe kinavyotenda. Mara nyingi hawaafikiani. Kiwango chaweza kusema jambo moja, waraka ukalinakili, na kisomakadi kikatenda jingine kwa sababu kiwanda kilikosea. Hapo si kazi ya mhakiki kuchagua upande kimyakimya. Hueleza tofauti na kutaka iandikwe. Mfano mzuri upo katika mradi wa programu endeshi huria ya CCID itumikayo pamoja na mfumo endeshi wa Linux. Orodha yake ya visomakadi imegawanywa: vilivyojaribiwa na kuthibitika, vinavyotazamiwa kufanya kazi kwa kuwa sifa zinazotangazwa na chombo chenyewe zinafaa, ingawa havijajaribiwa na mtunzaji, na visivyofaa. Kundi lile la katikati lingeweza kwa urahisi kuunganishwa na la kwanza ili orodha ionekane ndefu. Halikuunganishwa, na mnunuzi wa kisomakadi hujua mapema anachokitumainia.

Kipimo kingine ni kumpa waraka mtu ambaye hajawahi kuiona programu, na kumtaka aunde ujumbe kwa mkono. Mwalimu wa fizikia au wa hisabati anaweza kufanya jaribio hili darasani bila kompyuta. Wanafunzi wapewe maelezo ya bahasha yaliyomo katika makala haya, wakiongezewa kwamba ujumbe wa aina ya 6F ndio unaobeba amri kwenda kwa kadi na kwamba baiti tatu za mwisho za kichwa chake hapa ni sifuri, kisha waandikiwe ubaoni mfululizo huu:

6F 0D 00 00 00 00 06 00 00 00 A0 20 00 01 08 31 32 33 34 FF FF FF FF

Waulizwe: kichwa kinaishia wapi? Amri ina baiti ngapi, na je, idadi hiyo inalingana na ile iliyotajwa kichwani? Huu ni ujumbe wa ngapi? Wakifika kwenye baiti ya kumi na sita watakuwa wanaisoma namba ya siri ya mwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, bila ufunguo wowote. Programu endeshi nyingi zaweza kuamriwa ziweke rekodi ya kila ujumbe unaopita, ili mafundi watafute makosa, na mtu aliyepatwa na tatizo huombwa aitume rekodi hiyo kwa anayemsaidia. Waraka unaofundisha jinsi ya kuwasha rekodi hiyo haujakamilika mpaka ueleze, katika ukurasa ule ule, ni baiti zipi zifutwe kabla haijatumwa.